Usisubiri Masika: Kinga Chuma cha Kirikuu Yako Mapema



Mada ya leo inaweza kuwashangaza wengine. Mmezoea kunisoma nikieleza kantangaze kwenye nyanya, kideri kwa kuku, au namna ya kuivisha samadi. Leo nazungumzia rangi ya gari, na sijahama fani. Kwa wengi wenu kirikuu ndiyo kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote mlivyonavyo shambani. Inazidi pampu ya maji, inazidi banda, na kuna wengine inazidi hata thamani ya kiwanja wanacholima. Ndiyo inayopeleka mchicha Temeke Stereo na Mabibo alfajiri, ndiyo inayorudi na pumba na mifuko ya chakula cha kuku, ndiyo inayobeba samadi. Siku ikilala gereji, mchicha haukusubiri. Umeng'olewa usiku, saa nne asubuhi umeshanyauka.

Kinachozilaza gereji gari nyingi za wakulima wa huku kwetu mara nyingi siyo injini. Ni kutu. Kutu ya chini, ile usiyoiona, inayokula chesisi, sakafu ya bodi na mabano ya springi mpaka siku moja umepakia magunia ya viazi, gari linaingia kwenye shimo la barabara ya mtaani, unasikia "kwaa!" Hapo tena ni kuchomelea, na kuchomelea juu ya chuma kilichooza ni kama kushona kiraka kwenye kitambaa kilichochakaa. Kiraka kinabaki, kitambaa kinachanika pembeni.

Kwenye nchi za baridi watu hukinga magari yao kabla ya majira ya baridi, kwa sababu barabara zao humwagwa chumvi ili kuyeyusha barafu. Sisi hatuna barafu. Tuna masika. Na chumvi tunayo pia, tena nyingi kuliko tunavyodhani.

Kutu inatokeaje?

Chuma kikikutana na maji na hewa ya oksijeni, kinageuka kutu. Ukiondoa kimojawapo, yaani maji au hewa, kutu haiendi. Kazi ya rangi ni hiyo tu: kuwa ukuta kati ya chuma na hivyo viwili.

Chumvi yenyewe haigeuki kutu, lakini inaharakisha sana kazi. Maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo unaotembea ndani ya chuma kinapoliwa, na huo ndio unaoendesha kutu. Tena chumvi hunyonya unyevu wa hewani. Ndiyo maana chuma chenye chumvi kinabaki na unyevu hata siku ambayo mvua haijanyesha.

Jambo la pili la kujua: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo ikianza chini ya rangi, inaisukuma rangi juu. Unaona kivimbe kidogo kama chunusi. Watu wengi wanapaka rangi juu ya hicho kivimbe na kuridhika. Ndani yake kazi inaendelea kama kawaida, na sasa unyevu umefungiwa humo humo.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya, na naomba ulishike hili kuliko mengine yote: rangi inafunga kilicho chini yake. Ukifunga chuma safi na kikavu, umekilinda. Ukifunga chumvi, tope na unyevu, umefungia mwizi ndani ya nyumba. Kwa hiyo thamani ya kazi hii iko zaidi kwenye kuosha, kukwangua na kukausha kuliko kwenye kopo la rangi.

Chumvi inatoka wapi kwa gari la mkulima wa Dar?

1. Bahari. Boko, Mbweni na Bunju ziko karibu na Bahari ya Hindi, na upepo wa bahari hubeba matone madogo sana ya maji ya chumvi. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita. Angalia tu nondo na mageti ya nyumba zilizo karibu na ufukwe, utaelewa.

2. Maji ya visima. Hili wengi hawalifikirii. Visima vingi vya maeneo ya pwani ya Dar vina maji ya chumvi. Unaosha gari kila Jumamosi ukidhani unalitunza, kumbe unalipaka chumvi. Dalili zake: ukionja ni ya munyu, na gari likikauka linabaki na madoa meupe.

3. Samadi na mbolea. Samadi ya kuku ina amonia na chumvi, na ikiwa na unyevu inakula chuma vibaya. Mbolea za dukani kama urea na CAN zinanyonya maji ya hewani na kuwa uji. Punje chache zikiingia kwenye mshono wa sakafu ya bodi, zinakaa hapo na unyevu wake mpaka chuma kitoboke.

4. Samaki. Kama siku nyingine unakodiwa kubeba samaki kutoka Feri, yale maji ya barafu na samaki yanayotiririka kwenye bodi ni maji ya chumvi.

5. Huko gari lilikotoka. Kirikuu zetu nyingi zimetumika kwanza Japani. Kisiwa cha Hokkaido na maeneo ya pwani ya Bahari ya Japani hupata theluji nyingi, na barabara zao humwagwa chumvi. Gari linaweza kufika bandarini kwetu likiwa linang'aa juu, chini limeshaanza kuliwa. Hivyo unaponunua, usizunguke gari tu. Lala chini ulitazame tumboni.

Ongeza na suala la mzigo. Kirikuu ni gari za daraja dogo la Kijapani, zile za injini isiyozidi sisi 660, na huko kwao mzigo wake unaoruhusiwa ni kilo 350. Huku kwetu tunajua tunazipakia vipi. Chesisi nzima inaweza kuvumilia kwa muda. Chesisi iliyoliwa na kutu haivumilii.

Wakati wa kufanya kazi hii

Masika huku kwetu ni Machi hadi Mei. Kazi ifanyike Januari au Februari, jua likiwa kali na barabara zikiwa vumbi tupu. TMA hutoa mwelekeo wa mvua za masika kabla ya msimu kuanza, usikilize kama unavyousikiliza kwa ajili ya kupanda. Aliyechelewa asubiri kiangazi cha Juni hadi Septemba, ambacho nacho ni kizuri, kabla ya vuli.

Mvua zikishaanza, usipake. Najua fundi atakwambia "leta tu, tutapaka kwenye kibanda." Paa la kibanda halikaushi hewa. Chuma kinakuwa na unyevu usioonekana kwa macho, na rangi inashika juu ya unyevu badala ya kushika chuma. Baada ya miezi miwili inabanduka kama ganda la kitunguu.

Hata kiangazi, chagua saa. Asubuhi na mapema kuna umande. Mimi huwashauri watu wapake kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri. Kuna kipimo rahisi: futa kipande cha chuma kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa. Kama alama ya maji haijakauka ndani ya dakika 15, hewa ina unyevu mno, subiri.

Wazee wetu wa pwani hili walilijua zamani. Kabla ya msimu wa safari, jahazi lilipandishwa ufukweni, likakwanguliwa, likaachwa likauke, ndipo likapakwa deheni chini, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, na sifa ya papa kwenye mbao za juu. Hakuna nahodha aliyepaka deheni jahazi likiwa linaelea.

Kwanza kagua

Kabla hujanunua kopo lolote, pandisha gari, washa tochi, chukua bisibisi. Angalia sehemu hizi:

- Mihimili miwili mirefu ya chesisi, hasa nyuma ya matairi ya nyuma.
- Mabano ya springi na ya shokomzoba.
- Ndani ya madigadi, pale tope linapojikusanya juu ya ukingo.
- Chini ya sakafu ya kabini, ukifunua na kapeti kwa juu.
- Mishono ya sakafu ya bodi na kona zake nne.
- Bawaba na ukingo wa chini wa milango ya bodi.
- Sehemu ya chini ya betri. Asidi ikimwagika hapo inakula chuma.

Gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia "ting". Kilichooza kinalia kizito, "dup", kama debe lenye mchanga. Halafu sukuma kwa ncha ya bisibisi.

Ikiwa ni kutu ya juu tu, rangi ya kahawia lakini chuma kigumu, unaweza kufanya mwenyewe. Ikiwa chuma kinatoka magamba lakini bisibisi haipenyi, kwangua mpaka upate chuma, kisha pima kilichobaki kama bado ni kinene. Bisibisi ikipenya, hiyo siyo kazi ya rangi. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchomelea: akate sehemu iliyooza mpaka chuma kizima, aweke kipande kipya, ndipo mje kwenye rangi. Usikubali kuzibiwa tundu la chesisi kwa puti. Puti inajaza, haibebi mzigo. Na fundi akichomelea, betri ifunguliwe kwanza, na tangi la mafuta na paipu za mafuta ziangaliwe ziko umbali gani na moto.

Mama mmoja mfugaji wa Chamazi aliniuliza, "Afisa, gari yangu nimenunua mwaka jana tu, kweli nilale chini kutafuta kutu?" Nilimjibu, "Mama, wewe umeinunua mwaka jana, lakini yenyewe imezaliwa lini?" Tukaangalia pamoja. Juu rangi safi kabisa. Ndani ya madigadi ya nyuma tulitoa tope la samadi lililogandamana, na chini yake chuma kilikuwa kimeanza kutoa magamba. Bahati nzuri bisibisi haikupenya. Alikuwa bado yuko kwenye hatua ya kukwangua na kupaka, siyo ya kukata.

Jamani, acheni oili chafu

Sasa hili ni la kwangu kama afisa ugani, na hapa sitapunguza maneno. Kuna tabia ya kupuliza au kupaka oili chafu, ile iliyomwagwa kwenye injini, chini ya gari ili "kuzuia kutu". Inapatikana bure, na kweli mafuta huzuia maji kwa muda. Lakini angalia upande wa pili.

Kwanza, haikauki. Mvua ya kwanza kubwa inaiosha. Vumbi linaigandia na kuwa tope lenye mafuta, ambalo ni gumu kuliondoa, na hata rangi ya kweli haitashika hapo baadaye mpaka uisafishe yote. Pili, inaharibu mipira. Bushi na vifuniko vya mpira vya asili vikilowa mafuta vinavimba na kulainika. Ikirukia kwenye breki, ni hatari ya maisha. Tatu, na hili ndilo linaloniuma, hiyo oili inaishia shambani kwako. Gari unalioshea pembeni ya bustani, maji yanateremkia kwenye matuta ya mchicha au kwenye kidimbwi unachochota kwa ndoo. Oili iliyotumika ina vipande vya metali na kemikali zitokanazo na kuungua kwa injini, na baadhi yake zinahusishwa na saratani. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, hutahadharisha kwamba galoni moja ya oili chafu inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi. Sisi bustani zetu ziko kandokando ya mito, Mpiji upande wa Bunju, Mzinga na Kizinga upande wa Temeke, na chini yetu kuna wengine wanamwagilia na maji hayo hayo. Mboga hiyo inaliwa na watoto wetu.

Oili chafu irudishe gereji kwenye pipa la kukusanyia. Chini ya gari paka rangi.

Mahitaji

- Sabuni ya unga na brashi ngumu ya plastiki
- Brashi ya waya na kikwanguo, au grainda yenye brashi ya waya kama una umeme
- Msasa namba 80 na namba 120
- Tina na vitambaa safi vya pamba
- Praima ya kuzuia kutu (redi oksaidi, au yenye zinki)
- Rangi ya mafuta kwa ajili ya bodi
- Rangi nzito nyeusi yenye asili ya lami, ya kupaka chini ya gari
- Miwani, glavu, na barakoa ya vumbi

Kiasi gani? Lita 1 ya rangi ya mafuta hufunika takribani mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, kwenye chuma laini. Bodi ya kirikuu ni karibu mita 1.9 kwa 1.4, kwa hiyo sakafu ni chini ya mita za mraba 3. Ukijumlisha kuta za ndani, chini ya bodi na chesisi, unafika kama mita za mraba 10. Chuma chenye mikwaruzo hunywa zaidi. Lita 2 za praima zinatosha na kubaki. Kwa mikono miwili ya juu, weka hesabu ya lita 3 kwa jumla, yaani lami ya chini na rangi ya bodi pamoja. Bei zinabadilika, zunguka maduka mawili matatu uulize. Hakikisha kopo halijafunguliwa, na usome muda wa kukauka ulioandikwa. Kopo moja huwa na masharti tofauti na jingine.

Hatua kwa hatua

Siku ya 1: Kuosha. Osha chini ya gari kwa mashine ya presha, ndani ya madigadi, juu ya ekseli, kwenye mishono ya bodi. Sugua kwa sabuni mahali penye mafuta. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, osha nayo kama huna jinsi, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua uliyokinga. Ndoo tatu nne zinatosha kwa kusuuza. Halafu liache juani siku nzima, milango ya bodi ikiwa wazi.

Siku ya 2: Kukwangua na praima. Kwangua rangi yote iliyovimba mpaka ufike kwenye chuma na rangi iliyoshika vizuri. Piga brashi ya waya, kisha msasa, ili ukingo wa rangi ya zamani uwe mteremko na siyo ngazi. Ngazi ndipo maji yanapoanzia. Ondoa vumbi, futa kwa kitambaa chenye tina, acha kikauke. Kisha paka praima siku hiyo hiyo. Chuma kilicho wazi kwenye hewa ya pwani hakilali salama. Ukikikwangua asubuhi na kukiacha, kesho yake utakikuta na ukungu wa kahawia. Kama huwezi kumaliza gari zima, kwangua kipande unachoweza kupaka kabla ya saa tisa alasiri.

Siku ya 3: Mkono wa kwanza. Gusa praima, isinate kabisa. Paka rangi ya mafuta kwenye bodi, na lami chini ya gari. Paka nyembamba. Mikono miwili myembamba inashinda mmoja mnene, kwa sababu mnene unakauka juu tu, ndani unabaki mbichi. Usichanganye lami na rangi ya mafuta ambayo haijakauka. Jaribu kwanza kwenye kona moja ndogo, kama rangi ya chini inakunjamana, subiri zaidi.

Siku ya 4: Mkono wa pili. Zingatia kona, vichwa vya bolti na mishono. Hapo rangi hukimbia na kubaki nyembamba, na hapo ndipo kutu hurudi kwanza.

Siku ya 5 na 6: Acha likauke. Usibebe mzigo, usipite kwenye tope. Kama huwezi kusimamisha gari siku sita mfululizo, gawa kazi: wiki hii chini ya gari, wiki ijayo bodi. Kiangazi kinakuruhusu.

Sehemu zisizopakwa

Hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu. Usipake breki, ekzozi, mipira na bushi, shafti inayozunguka, nyaya, wala matundu ya kupumulia ya gia na difu. Funika kwa magazeti na gundi ya karatasi kabla ya kuanza.

Na matundu ya maji! Chini ya milango, kwenye chesisi na kwenye sakafu kuna vitundu vidogo ambavyo watengenezaji waliviacha makusudi ili maji yatoke. Lami ikiviziba, maji ya masika yanaingia kwa juu na kukosa njia ya kutokea. Gari linaoza kutokea ndani, na kwa nje unaona rangi nzuri. Zibua kila tundu kwa waya baada ya mkono wa mwisho.

Usalama wenu: usiingie chini ya gari lililosimama kwenye jeki peke yake. Weka stendi za chuma au magogo imara, matairi yazuiwe. Tina na rangi ziwe mbali na jiko na sigara. Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na watoto na mbali na banda la kuku, maana kuku huathirika haraka na hewa chafu. Unapopiga msasa rangi ya zamani, vaa barakoa. Rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Lowesha kwanza ili lisipeperuke, tandika turubai likusanye mabaki, kisha acha chuma kikauke kabisa kabla ya praima.

Bodi inayobeba mboga

Usipake lami ndani ya bodi. Jua la Dar linailainisha, inanata na inatoa harufu. Tumia rangi ya mafuta, na usipakie mboga mpaka harufu ya rangi iishe kabisa. Hata baada ya hapo, mboga isilale moja kwa moja kwenye chuma. Tumia kreti za plastiki au turubai safi. Hii inasaidia pande zote mbili: mboga haichubuki wala kushika uchafu, na maji yake hayakai juu ya sakafu.

Ukibeba samadi au mbolea, tandika turubai, na bodi ioshwe siku hiyo hiyo. Tena naomba sana: gari lililobeba viuatilifu asubuhi lisibebe mchicha jioni bila kuoshwa.

Hesabu yake

Wengine mtasema ni gharama. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kirikuu inakubakizia shilingi 40,000 kwa siku baada ya mafuta. Ikikaa gereji siku 10 kwa ajili ya kukatwa na kuchomelewa chesisi, umepoteza 400,000 kabla hujamlipa fundi, kabla hujanunua chuma, na kabla hujahesabu mboga iliyonyaukia shambani au mteja aliyehamia kwa mwingine. Weka tarakimu zako mwenyewe hapo, halafu linganisha na bei ya makopo ya rangi, misasa na siku sita za kiangazi ulizochagua mwenyewe. Tofauti kubwa ni hiyo: siku za rangi unazichagua wewe, siku za gereji zinakuchagua, na mara nyingi zinakuchagua katikati ya masika wakati bei ya mboga iko juu.

Baada ya hapo

Rangi siyo mara moja kwa maisha. Masika yakiwa yanaendelea, kila wiki piga maji chini ya gari kuondoa tope kwenye madigadi, maana tope linashika unyevu kama sponji. Jiwe likirukia na kubandua rangi, weka alama kwa chaki. Siku ya kwanza ya jua la uhakika, kwangua hapo, praima kidogo, rangi kidogo. Kidonda cha ukubwa wa sarafu ni kazi ya nusu saa. Ukikiacha mpaka vuli kinakuwa kiganja.

Utaratibu huu huu unafaa kwa guta, toroli, vizimba vya kuku, geti la banda na stendi ya tangi la maji. Chuma ni chuma. Kioshwe, kikwanguliwe, kikauke, kipakwe.

Ukianza wiki hii, anza na kitu kimoja kisicho na gharama yoyote: chukua tochi na bisibisi, lala chini, gonga. Chuma chenyewe kitakwambia kama una muda wa kungoja au huna.